Mama Fundi na Sketi ya Chiriku

Ndugu, jamaa na majirani, asanteni kwa kuja. Mimi ni kitinda mimba wake. Nimepewa kazi ya kusoma maisha ya mama yetu, na naomba mnivumilie nikisoma kama mtu anayesoma bei za dukani. Tangu Jumanne nimekufa ganzi, machozi hayajaja.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mhunzi na mkulima wa mboga. Alisoma hadi darasa la saba, baba yake akaugua, naye akapelekwa kwa shangazi yake kujifunza cherehani. Mwaka 1972 alifungua chumba chake cha kushonea mkabala na shule ya awali, na kwa zaidi ya miaka arobaini alishona sare za watoto wa mtaa huu. Wengi wenu amewapima. Mteja akidai kiuno chake ni chembamba kuliko kilivyo, alimjibu, "Futi yangu haina adabu, mwanangu. Inasema inachokiona."

Baba, seremala, alimpata hapohapo. Alileta suruali ileile kushonwa mara nne. Safari ya nne Mama alimwambia, "Kaka, hii haichaniki yenyewe. Sema unachotaka." Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1974, wakajaliwa watoto watatu. Baba alitutangulia mwaka 1999.

Sasa nafika mahali ambapo wazee waliniomba nipite haraka. Mwaka 2006 mjukuu wake wa kwanza, binti wa kaka yetu mkubwa, alikuwa na miaka sita. Tulimwita Chiriku kwa kuwa hakujua kunyamaza. Mama yake alikuwa ameondoka, mtoto akabaki na baba yake. Kaka alimleta kwa Mama, sketi ya shule imemlegea. Mama akapunguza kiuno. Baada ya miezi michache ikalegea tena, naye akapunguza tena. Siku hiyo Chiriku hakusema neno. Aliokota makombo ya mkate mezani, akayala.

Safari iliyofuata kaka alimwacha pale akaenda zake sokoni. Mama alimvua blauzi ampime upya, akauona mgongo. Alama za waya, mbichi juu ya zilizopona.

"Bibi, usimwambie baba," mtoto alisema. "Akitoka ananifungia ndani. Nikila mkate bila kuomba, ananichapa."

Baadaye Mama aliniambia, "Nilishona pale nilipopaswa kuuliza." Alifunga chumba, akamshika mtoto mkono, akaenda ofisi ya ustawi wa jamii, kisha polisi, akamtaja mwanawe mwenyewe. Ukoo ulikuja juu. "Mambo ya nyumbani hayaanikwi nje! Umemfunga mwanao kwa mikono yako!" Mama aliwajibu, "Nimemzaa na nampenda. Mtoto harudi kule."

Kaka alifungwa miaka mitatu, na alipotoka hakukanyaga kwa Mama. Chiriku alilelewa na bibi yake, maneno yakamrudia kidogo kidogo. Msidhani Mama alikuwa na moyo wa jiwe. Alikuwa akimlilia kaka jikoni, nami nilimsikia.

Figo zake zilianza kushindwa mwaka 2022. Alilazwa mara ya mwisho tarehe 3 Juni mwaka huu. Chiriku ndiye aliyemwogesha na kumlisha, akimpigia porojo mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka. Marehemu alifariki Jumanne asubuhi, tarehe 18 Juni 2024, akiwa na miaka sabini na mitatu.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, kitukuu mmoja, na cherehani mbili ambazo hakuna kati yetu anayeziweza. Kifungua mimba wake yupo, amesimama kule nyuma karibu na lango. Karibu, kaka. Tangu asubuhi nawasikia wajomba mkisema leo ndiyo siku ya baba na binti kupeana mikono hapa kaburini, yaishe. Mama alijua mtasema hivyo. Siku mbili kabla hajafa aliniita nisogee, akaniagiza:

"Mwanangu akija kunizika, msimzuie. Lakini mjukuu wangu asilazimishwe kumpa mkono. Akitaka, atataka mwenyewe."

Nimeyasema kama alivyoyasema. Chiriku, baki hapo ulipo, mwanangu. Hakuna atakayekusogeza.

Mama, umechoka. Amani iwe nawe unapopumzika.