Pale Pale

Benchi la nje ya ofisi ya maziko lina miguu mitatu na tofali moja, na watu wake ni watatu tu, maana wa nne akija tofali linateleza. Asubuhi ile walikuwepo wote. Rejista, karani wa makaburi kwa miaka ishirini na mitano, alikuwa na laptopu mapajani na roho mkononi. Chaja, fundi simu wa jirani, alimwinamia begani. Sepetu, mchimba makaburi, alishika kikombe cha kahawa na maneno yake. Kesho trekta linaingia eneo la zamani la makaburi, barabara ipite. Mwenye namba ya kaburi atahamishiwa mtu wake. Asiye nayo, mtu wake atazolewa pamoja na wengine, shimo moja. Na namba zote zimo humo kwenye laptopu, safu ya mwisho kulia, ambayo haionekani.

— Hebu nieleze tena, Sepetu alisema. Kompyuta imo ndani ya kompyuta?

— Ndiyo. Ile kuukuu ya ofisini ilikufa, Chaja akajibu. Vijana wa ofisi kuu wakaitoa roho, wakaitia humu. Hii ya nje tunaiita mwenyeji, ile ya ndani mgeni.

— Sasa mbona mgeni kajikunyata? Skrini pana kama mkeka, yeye kakaa kwenye kijisanduku katikati, kushoto giza, kulia giza!

— Anadhani bado yuko kwenye kioo chake cha zamani, kile cha mraba.

Rejista hakucheka. Jina analiona, umri anauona, mwaka anauona. Namba imekatwa ukingoni, na dirisha lenyewe halivutiki wala halisogei. Tangu juzi wamekuja watu kumi na mmoja, wote kawaambia warudi kesho. Na kesho ndiyo hiyo ya trekta.

— Mimi nasema ofisi imeficha makusudi, Chaja alisema. Watu wasidai.

— Wapi! Wafu wenyewe wamezuia. Nimewachimbia miaka, nawajua kwa ukaidi.

— Sepetu, hizi ni pikseli, nukta za skrini, si mizimu.

— Umewahi kuishika pikseli? Basi ni mzimu! Ivuteni polepole, haba na haba hujaza kibaba.

— Nimevuta siku tatu! Rejista akafoka. Kidole kimeota sugu!

Sepetu akapiga funda la kahawa.

— Huyo mgeni wenu ana siku ngapi humo?

— Leo ya tatu.

— Basi mpeni jembe! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!

Akacheka peke yake mpaka kahawa ikammwagikia. Chaja alikuwa amekodoa macho.

— Hebu rudia.

— Mpe jembe.

— Lahaula! Zana! Hatujamwekea mgeni zana zake, ile programu ya kumwonyesha kioo! Bila zana atajuaje upana wa nyumba ya mwenyeji?

Akainyakua laptopu, akabonyeza huku na kule, akaweka zana, akaizima ile ya ndani na kuiwasha upya. Skrini ikawa nyeusi yote. Kisha mgeni akarudi, akajinyoosha kutoka ukingo hadi ukingo, na safu ya namba ikatokea, nyeupe pee. Rejista alitamani kulia.

Ndipo akaja mwanamke, kibao cha mbao kwapani, kimeandikwa jina kwa rangi mbichi.

— Shikamooni, wazee wangu. Namtafuta mama. Nilikuwa na miaka sita tulipomzika.

— Marahaba, mwanangu, Rejista akaitikia. Umekuja na heri, leo namba zipo!

Mwanamke akataja jina la mama. Rejista akaandika. Mstari ukaja: jina, umri thelathini na mmoja, mwaka. Na kwenye safu ya namba, maneno mawili: *Pale pale*.

Rejista akayatambua maneno yake. Siku zile misiba ilifuatana, na maiti akizikwa ubavuni mwa aliyetangulia, yeye hakujisumbua na namba. Aliandika pale pale, yaani jirani na huyu wa juu, na wa juu alikuwa na namba yake. Lakini vijana wa ofisi kuu, walipoihamisha orodha, waliyapanga majina yote kwa alfabeti wakahifadhi hivyo. Juu ya mama huyu sasa alikaa mzee aliyezikwa miaka tisa baadaye, upande mwingine kabisa. Daftari la karatasi lilishaliwa na mchwa. Chaja akateremsha orodha. Pale pale. Pale pale. Pale pale.

— Pale pale wapi, baba? mwanamke akauliza.

Sepetu akatazama ndani ya kikombe. Chaja akapangusa kioo kilichokuwa safi.

— Niliandika mimi, Rejista alisema. Mimi mwenyewe, mwanangu. Nisamehe.

— Nimekusamehe, baba. Ila ni wapi?

Kule chini trekta lilikuwa likishushwa kutoka kwenye lori. Rejista akainuka, akampisha mwanamke kwenye benchi, naye mwanamke akakaa na kibao mapajani, jina likitazama juu.