Mama Pua na Kahawa ya Mteremko wa Juu

Wafiwa, majirani, mliofanya kazi na marehemu, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja, familia imemkabidhi kazi ya kusoma historia hii mdogo wake wa kiume, dereva wa masafa marefu aliyekunywa kahawa katika nchi nyingi na kote akajifanya anaijua, ilhali dada yake alishikilia hadi mwisho kwamba mtu anayetia vijiko vinne vya sukari hanywi kahawa, anakunywa uji, kwa hiyo mtamvumilia.

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Pua mpaka mkasahau kuuliza jina lake, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa, mtoto wa pili kati ya watano, baba akiwa mpogoaji wa miti na mama mchumaji, na inasemekana kabla hajatembea sawasawa alikuwa ameshajua kupenyeza mkono kwenye kikapu cha mama na kumumunya matunda ya kahawa kama peremende. Alisoma shule ya msingi palepale shambani kuanzia 1966 hadi 1972, kisha sekondari ya bweni hadi 1976, ambako alifaulu masomo yote isipokuwa upishi, kwa sababu alikionja chakula mpaka mwalimu akakosa cha kusahihisha.

Mwaka 1977 aliajiriwa kwenye meza ya kuchambua buni, na kwa kuwa hakuweza kushika kiganja cha buni bila kukinusa, mwonjaji mkuu wa shamba alimchukua kwenye chumba cha kuonjea, chenye vikombe vyeupe na ndoo ya kutemea, akamfundisha kuifyonza kahawa kutoka kwenye kijiko kwa kishindo, ili ienee ulimi mzima, kisha kuitema.

Mazoea hayo nusura yamharibie ndoa, maana mwaka 1983, alipokwenda kwa mara ya kwanza kusalimia ukweni, alipewa chai, naye bila kujijua akaivuta kwa kijiko kwa mlio uliofika mpaka jikoni, akaizungusha mdomoni, halafu akaanza kuangaza macho huku na huku. Mama mkwe akamgeukia mwanawe, akasema, "Mwenzio anatafuta nini?" Dada akameza, akajibu, "Nisamehe mama, chai nzuri, ila kuni zilikuwa mbichi." Mama mkwe akacheka mpaka akajishika ubavu, kwa sababu kuni kweli zilikuwa mbichi. Ndoa ilifungwa tarehe 20 Agosti mwaka huohuo, wakajaliwa watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja. Shemeji yetu, fundi cherehani, aliendelea kuwa mtu wa chai asubuhi, mchana na jioni, akisema mkewe alikuwa ameshaolewa na kahawa, na yeye ni mume mdogo tu.

Sasa, ndugu zangu, tufike kwenye jambo lililomnyima dada raha maisha yake yote. Kule juu ya shamba, karibu na msitu, kuna Mteremko wa Juu, penye baridi na ukungu, ambapo kahawa huiva polepole na kujaa ladha, na kila msimu meneja aliimwaga kwenye rundo moja na kahawa ya bondeni, ili ile nzuri iibebe ile dhaifu. Dada alitaka itoke getini peke yake, kwa jina lake, walau mara moja. "Mama Pua, kahawa ni kahawa," meneja alimwambia. "Bosi," akajibu, "ukiweka mwimbaji mmoja katikati ya watu wenye mafua, utasikia mafua." Alistaafu mwaka 2018 kwa sherehe nzuri, kesho yake akaripoti kazini, na mwaka 2022 meneja mpya akakubali, msimu mmoja tu, wanunuzi wakiikataa inarudi kwenye rundo moja kwa moja.

Msimu huohuo akaugua, uvimbe nyuma ya pua, na matibabu yalimpa muda lakini yakamchukulia harufu na ladha zote. Aliwaambia madaktari, "Mmeniachia Mama, Pua mmeondoka nayo," kisha akarudi mteremkoni kusimamia, matunda yachumwe mekundu tupu, yamenywe maganda siku ileile, buni zichachuke hadi ute utoke, zioshwe kwa maji safi, zianikwe kwenye meza za waya na kufunikwa jua likizidi. Siku ya kuonja ikafika, na vijana wawili aliowafundisha kuonja wakasema ni nzuri ajabu, lakini hakuwaamini. "Hawa wananipenda," alisema, "hata nikiwachemshia soksi watasifu." Akaagiza aitwe mumewe, mtu asiyejua kuficha neno, aliyewahi kumwambia bibi harusi kwamba gauni lingempendeza zaidi dada yake.

Buni zikakaangwa kidogo tu, zikasagwa, zikamiminiwa maji ya moto. Shemeji akavuta kwa kijiko, nusu ikaingia mdomoni, nusu ikaishia kwenye shati, na dada akawa anamtazama usoni bila kupepesa macho. Shemeji akakunja uso, akawageukia vijana. "Nani ametia sukari humu?" Wakamwambia hakuna. Akavuta tena. "Basi kuna mtu amekamulia tunda." Ndoo ikasogezwa atemee, akaisukuma kwa mguu, akanywa kikombe chote, akaomba kingine, na dada akalia huku anacheka, akisema, "Mume mdogo, umechelewa miaka arobaini."

Wanunuzi waliichukua yote. Tarehe 11 Februari 2023 magunia yalitoka getini yameandikwa Mteremko wa Juu, dada akiwa amekaa kwenye kiti kando ya barabara, akipungia lori kana kwamba anasindikiza binti anayekwenda kuolewa, na tarehe 3 Machi alifariki nyumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia na utani wake, majirani walioleta chakula bila kuombwa, na wafanyakazi wa shamba, kuanzia wachumaji hadi meneja, ambaye asubuhi hii ametueleza kwamba wanunuzi wameshaiomba kahawa ya msimu ujao kabla hata miti haijachanua, na kwamba haitachanganywa tena.

Pumzika kwa amani dada, umesikia mwenyewe, inakwenda peke yake.