Bi Baridi na Sura Aliyoiruka

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto, mwenye redio ya betri chovu aisogeze sikioni. Leo tunamkumbuka mama mmoja aliyekuwa fundi wa friji, akajifunza kuunda setilaiti kwa kusoma vitabu. Narudia, maana nimewasikia mlivyosema "eti nini?" Fundi wa friji. Setilaiti. Vitabu. Mtaani walimwita Bi Baridi, nasi tutamwita hivyo hivyo. Amefariki juma lililopita kwa maradhi ya moyo. Na setilaiti yake haikuruka. Nalisema mapema ili mtu asikae akisubiri roketi, kwa sababu roketi haiji.

Karakana yake ilikuwa ya mlango wa bluu, pembeni ya stendi ya mabasi. Friji zilijaa mpaka barazani, nyingine zimevuliwa milango, nyingine zimelazwa chali. Bi Baridi mwenyewe alikuwa mwembamba, mrefu, na ulimi wake, jamani, ulikuwa na pilipili. Mteja akija kulalamika friji haigandishi, swali la kwanza lilikuwa moja. "Umeisukumia ukutani, siyo? Friji inapumua, baba. Wewe ukibanwa mgongo hivyo utafanya kazi?" Mteja anakwenda kuisogeza, friji inapona, anarudi na aibu zake. Hakuna aliyejua habari za joto na baridi kuliko yeye. Hilo lilikuwa halina ubishi mtaa mzima.

Sasa, setilaiti ilitokea wapi? Ilitokea zahanatini.

Bi Baridi alipewa kazi ya kukagua friji za chanjo katika zahanati za mbali, kule ambako simu ni ya kupigia picha tu, mtandao hakuna. Siku moja alifika kwenye zahanati mojawapo. Nesi alimpokea kwa furaha, akampa kiti, akampa maji. Bi Baridi akafungua friji. Ndani kulikuwa na joto kama kabati la nguo. Taa ya nje inawaka vizuri kabisa, lakini mashine imekufa. Imekufa tangu lini? Hakuna aliyejua. Na nesi yule, masikini, alikuwa akiwachanja watoto kwa chanjo za humo, zilizokwisha kuharibika kwa joto. Alipoelewa, alikaa chini sakafuni na sare yake nyeupe.

Baadaye surua iliingia kijiji kile. Walizikwa watoto, wasikilizaji. Watoto waliokuwa wamechanjwa.

Mume wa Bi Baridi ni dereva wa lori, mzee mpole, anaongea kwa kituo. Aliniambia hivi: "Alirudi nyumbani hakula. Akaniambia, mume wangu, friji ile ilikufa na haikuwa na wa kumwambia. Nikamwambia ni mipango ya Mungu. Akanijia juu! Akasema Mungu usimsingizie, hiyo ni waya."

Basi. Miezi ilipita, akaitwa chuo cha ufundi kutengeneza friji ya kantini. Koridoni akakuta rundo la vitabu vilivyotolewa maktaba vikachomwe moto. Vitabu vya uhandisi, vikubwa, vya kuunda setilaiti na kupanga safari za vyombo vya angani. Vizito, wacha utani. Kimoja kikikuangukia mguuni unaota kucha mpya. Akamwomba mkutubi, mkutubi akasema chukua, unatupunguzia moshi. Akavipakia juu ya mtungi wake wa gesi, akaja navyo nyumbani.

Viliandikwa Kiingereza kigumu, naye Kiingereza alikiacha shuleni na sare yake. Alisoma na kamusi pajani. Ukurasa mmoja ungeweza kumla wiki. Bintiye, ambaye ni mshonaji wa nguo, anakumbuka siku mama yake alipomaliza sura ya kwanza: "Alikuja akicheka. Akaniambia, unajua vitabu hivi havianzi na waya wala betri? Vinaanza kukuuliza: hiki chombo kinakwenda juu kumfanyia nani nini? Usipojua hilo, funga kitabu ukalale. Akasema, mimi hilo ninalo."

Na kweli alikuwa nalo. Sikilizeni wazo lake, ni jepesi. Kila friji ya zahanati ifungwe kiredio kidogo. Setilaiti ndogo, ya kuenea mkononi kama mkate mdogo, ipite juu mara kwa mara. Friji ikipata joto, iseme. Setilaiti isikie, ibebe ule ujumbe, ikifika juu ya mji iushushe. Fundi apande gari aende. Basi. Mtoto asichomwe sindano ya maji.

Miaka ilikwenda. Alijifunza kwamba setilaiti haielei, inaanguka muda wote, ila inaanguka kwa kuizunguka dunia. Alijifunza kulinganisha umeme wa jua na uwezo wa betri, akajifunza kugawa uzito. Mzee wake, yule dereva wa lori, alielewa hapo tu. "Kumbe ni kama lori," akasema. "Kila kilo ina mwenyewe." Bi Baridi alisoma sura baada ya sura. Zote, isipokuwa moja.

Bintiye ndiye aliyeiona. "Nilimwuliza, mama, mbona kurasa hizi bado zimeshikana? Akasema, hiyo sura ya joto. Joto, mwanangu? Nimelala nalo, nimeamka nalo. Anifundishe nani?"

Wakacheka wote wawili, wakaendelea na mambo yao.

Mambo yakaanza kunyooka. Mhadhiri mmoja wa chuo kile kile akasikia habari zake, akaja karakanani kushangaa, akabaki kufanya kazi. Kampuni moja ya roketi ya ng'ambo ilikuwa imetoa nafasi ya bure kwa setilaiti moja ndogo ya vyuo. Moja tu. Chuo kikapeleka wazo la Bi Baridi, likakubaliwa! Wasikilizaji, mtaa ulipiga vigelegele. Lilibaki sharti moja: setilaiti ipite jaribio, iwashwe ndani ya pipa la chuma lililofyonzwa hewa yote, kama kule juu.

Mhadhiri na wanafunzi wake wakaiunda pamoja naye, wakagawana kazi ya kukagua. Huyu betri, yule antena. Sehemu ya joto hakuna aliyeigusa. Mhadhiri aliniambia kwa uchungu: "Nani angeanza kumkagua fundi wa friji kuhusu joto? Ningeonekana sina akili."

Na Bi Baridi alifanya nini? Alifanya alichowaambia wateja wake maisha yake yote. Kile kipande kinachorusha mawimbi, ambacho hupata moto sana, alikisimamisha juu ya vijiti vyembamba, mbali na ukuta, nafasi kila upande. Kipumue. Mezani kilifanya kazi vizuri mno. Ukikigusa, kimepoa.

Siku ya jaribio alivaa gauni lake la harusi za watu. Wakaifungia setilaiti ndani ya pipa, wakafyonza hewa, wakaiwasha. Ikazungumza. Watu wakapiga makofi. Kisha sauti ikaanza kukatika. Kisha kimya. Walipofungua, kile kipande kilikuwa kimeungua, cheusi, kinanuka.

Hakungoja kuambiwa. Akasema neno moja: "Hewa." Akakaa.

Mwelewe vizuri, wasikilizaji. Friji hapa kwetu huikabidhi hewa inayopita joto lake. Kule juu hewa hakuna. Joto lisipopelekwa na chuma mpaka kwenye mwili wa chombo, halina pa kwenda, linakaa pale pale linachoma. Ukurasa wa kwanza wa sura ile unasema hivyo. Ukurasa wa kwanza! Na pampu ya kufyonza hewa ilikuwa karakanani mwake, akiitumia kila siku kusafisha mabomba ya friji kabla ya kujaza gesi. Angeweza kujaribu nyumbani. Lakini ndiyo hivyo, mganga hajigangi. Nami nasema bila kuficha, linaniuma mpaka leo.

Muda wa kutengeneza upya haukuwepo. Nafasi ikapewa chuo kingine.

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Bi Baridi alivumilia. Aliisoma ile sura mpaka karatasi zikalegea. Akaiunda setilaiti upya, akafunga ukanda wa shaba kutoka kwenye kile kipande hadi ubavuni, akaifungia kwenye tangi la chuma, akafyonza hewa kwa pampu yake mwenyewe. Ikazungumza siku nzima bila kukatika. Ilikuwa tayari. Narudia, ilikuwa tayari.

Lakini nafasi za bure hazikutangazwa tena. Alikwenda chuoni kuuliza, akarudi, akaenda tena, mpaka mlinzi wa getini akawa anamwandalia kiti. Wanafunzi wakahitimu wakatawanyika. Mhadhiri anasema, na namshukuru kwa kusema: "Ilifika mahali nikimwona getini napita mlango wa nyuma."

Moyo ukaanza kumsumbua. Miguu ikavimba, ngazi mbili tu anahema. Hospitalini bintiye alimshika mkono akamwambia, "Mama, itaruka tu." Bi Baridi akamtazama. "Usinidanganye, mwanangu. Mimi na wewe hatujaanza leo." Huyo bintiye aliponisimulia alikuwa ameshika mkasi wake wa kazi, akashindwa kukata kitambaa.

Mazikoni mkuu wa chuo alisimama, akaahidi kwamba setilaiti itawekwa kwenye sanduku la kioo pale mapokezi, na taa juu yake. Watu wakapiga makofi. Bintiye hakupiga. Aliniambia kando, "Mama hakutengeneza pambo." Na zahanati zile, kama mnataka kujua, friji zake bado hazina wa kumwambia.

Baada ya maziko mzee wake alinivuta pembeni. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Wewe unaongea na watu wengi. Humjui mtu mwenye roketi?" Nikacheka, nikidhani ni utani wa kujipoza. Yeye hakucheka. Alikuwa ananisubiri nijibu.

Mzee wetu, na wewe binti, poleni. Poleni sana. Redio hii haina dawa ya msiba wenu, na mimi sitajifanya ninayo. Mungu amlaze mahali pema. Na ninyi wasikilizaji, leo mkikaa na watoto wenu, tafakarini kabla ya kuwaambia kwamba bidii inatosha. Huyu mama alikuwa nayo bidii.

Swali la mzee nililitangaza kwenye kipindi cha asubuhi, nikatoa namba ya simu ya studio, nikaomba yeyote mwenye jibu apige. Simu imelia mara moja tu. Alikuwa mama mmoja wa mtaa wa pili, ameshtushwa na msiba, anauliza sasa friji yake ampelekee nani.