Vitone Vinane vya Rangi: Fundi Sikio Anapostaafu

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Fundi Sikio anafunga sanduku lake la spana baada ya miaka thelathini na sita na miezi minne katika karakana ya magari ya hospitali yetu. Kamati ya sherehe imeniomba niandike habari zake humu katika kijarida cha kumuaga kwa kuwa nilikuwa naye kazini miaka kumi na minane, mimi nikiwa stoo ya vipuri, yeye akiwa chini ya magari. Sababu ya pili kila mtu anaijua: ni kifungua mimba wangu. Nimeambiwa nisimsifu kupita kiasi. Nimekubali, lakini yaliyo kweli nitayasema yote.

Jina la Sikio walimpa mafundi wenzake, ila kazi ya kusikiliza aliianza zamani. Akiwa na miaka minne, amekaa sakafuni na uji wake, aliweza kusema baiskeli inayopita nje ni ya jirani yupi kwa mlio wa mnyororo tu. Baba yake akichungulia dirishani anakuta ni kweli. Watu husema sikio lile alizaliwa nalo. Sawa, na aliyemzaa ni mimi.

Aliingia karakana na cheti cha ufundi daraja la tatu, na ndani ya miaka sita alikuwa daraja la kwanza. Wenzake wengi iliwachukua miaka kumi. Sisemi hivyo kwa kuwacheka, nasema ilivyokuwa.

Gari likiletwa kwa sababu ya mlio, Sikio haanzi na boneti. Anaanza na dereva. Mlio unakuja injini ikiwa ya baridi au ikishapata moto? Ukikanyaga mafuta unazidi au unapotea? Halafu anamwomba auigize, na hapo karakana nzima huacha kazi ije kutazama. Tumeshamwona mtu mzima mwenye mvi akilia kama bata katikati ya uwanja. Sikio hacheki. Anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye injini, mpini anauweka sikioni, anafumba macho. Anayegonga nyundo wakati huo ajue atasemwa mpaka jioni.

Mhasibu mkuu mmoja aliwahi kuleta gari lake lenye mlio uliotokea kwenye kona za kushoto tu. Aliapa kwamba ni injini, na gereji tatu za nje zilikuwa zimeshamkubalia na kumbadilishia vipuri. Sikio alipanda naye, wakazunguka uwanja wa hospitali mara mbili. Aliporudi alifungua dashibodi, akaingiza mkono kwenye njia ya hewa, akatoa gololi. Alimwambia, "Mpelekee mjukuu wako, mzee, atakuwa ameitafuta sana." Mhasibu yule kwa muda mrefu alikuwa akitusalimia kwa mbali.

Lakini jambo ninalotaka watu walisome siku ya sherehe ni la gari la wagonjwa namba tatu. Lilitokea katika mwaka wake wa kumi na mbili kazini.

Namba tatu lilirudi likigonga. Ko-ko-ko, mlio mzito wa kutoka ndani, wa kumtia fundi baridi. Msimamizi wa karakana alichomoa kijiti cha oili, akaona oili imeshuka chini ya alama, na kwake kesi ikaishia hapo: dereva ameendesha gari bila oili, injini imekufa. Barua ya kumwachisha kazi ilikuwa imeshachapwa, inangoja Jumatatu. Sikio aliitwa Jumamosi ile kuthibitisha tu kwa sahihi.

Dereva alikuwa amekaa juu ya tairi bovu, kofia mkononi. Alisema, "Fundi, oili niliongeza mwenyewe Jumanne. Naapa kwa wanangu wanne."

"Ngoja kwanza, kaka," Sikio alimjibu. "Ukiapa na injini ikigonga, nitamsikia nani?"

Akawasha. Akachomoa waya wa plagi ya kwanza, akasikiliza, akaurudisha. Wa pili vivyo hivyo, wa tatu, wa nne. Nitaeleza nilivyoelezwa: kama kinachogonga ni chuma kinachoshika pistoni, ukikata moto wa pistoni hiyo mlio hupungua. Huu haukupungua popote. Kisha akaingia ndani, akakanyaga klachi. Mlio ukabadilika. Akaachia, ukarudi. Alikaa pale kwenye usukani amefumba macho, mpaka msimamizi akamwuliza kama amelala.

Hakuwa amelala. Alikuwa amekumbuka kwamba klachi ya namba tatu aliifunga yeye, siku kumi na moja nyuma.

Inabidi niseme jinsi kazi ilivyokuwa ikifanyika wakati ule. Bolti za mahali nyeti zilikazwa kwa spana ya kipimo, inayoonyesha bolti imekaza kiasi gani, na kila iliyokazwa ilipakwa kitone cha rangi nyeupe ili ijulikane imekwisha. Spana ya kipimo ilikuwa moja kwa mafundi tisa. Siku ile ilikuwa kwa mwingine, na Sikio, akiingoja, akazipaka rangi kabisa bolti zote nane za lile gurudumu zito la nyuma ya injini, ambalo klachi hufungwa juu yake, ili asipoteze muda. Kabla spana haijamfikia aliitwa aje kusaini fomu ya vipuri. Aliporudi aliona vitone vinane vyeupe, akaviamini, akapandisha gia boksi na kufunga.

Jumamosi ile aliishusha gia boksi hiyo peke yake, hakukubali kusaidiwa. Bolti tano kati ya nane zilizunguka kwa vidole, kila moja na kitone chake.

Angeweza kusema dereva anaichoma klachi na gari limetikisika mpaka bolti zikalegea, na msimamizi angelipokea hilo kwa mikono miwili. Hakugusa kitu. Aliwaita wote wawili waje kutazama na tochi, akasema, "Hii rangi ni yangu. Injini ni nzima. Gurudumu lililolegea limeharibu sili, huu mpira wa kuzuia oili, ndiyo maana inavuja hapa; dereva hana kosa."

Msimamizi alimvuta pembeni. Mwezi ule jina la Sikio lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya kupandishwa kuwa msimamizi msaidizi. Alimwambia, "Andika zimelegea kwa mtikisiko. Usijichomee nafasi kwa ajili ya dereva." Jioni, nyumbani, nami nilimwambia hivyo hivyo, tena kwa maneno makali kuliko ya msimamizi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, akasema, "Mama, yule ana watoto wanne, na aliyesahau ni mimi." Akaomba chumvi, akaendelea kula.

Maelezo aliandika ukurasa mmoja. Mambo yote yamo, isipokuwa aliyemwita stoo siku ile. Aliandika "niliitwa" na kupita. Basi leo naandika mimi: aliyemwita ni mama yake, kwa ajili ya fomu ambayo ingeweza kungoja mpaka kesho yake.

Barua ya dereva ilichanwa. Alifanya kazi miaka mingine kumi na tisa, akastaafu na haki zake zote. Namba tatu lilibeba wagonjwa miaka saba zaidi kwa injini ile ile iliyosemwa imekufa. Utaratibu nao ulibadilika: tangu wiki ile anayekaza si anayepaka rangi, anapaka fundi wa pili baada ya kuijaribu bolti kwa mkono wake, na mpaka leo hakuna gari lililorudi kwa kosa hilo. Sikio alipewa barua ya onyo kali, na jina lake likatolewa kwenye orodha. Halikurudishwa tena. Anastaafu akiwa fundi daraja la kwanza, chini ya msimamizi ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kushika spana, na sijawahi kumsikia akimwonea kijicho.

Mwezi uliopita karani wa utumishi alimwambia kuwa barua ile inaweza kuondolewa kwenye faili sasa, aondoke akiwa safi. Sikio alisema ikae au itoke, kwake ni sawa. Kwangu si sawa. Nimekwenda mwenyewe kwa karani kuiomba, naye amenipa.

Kwa niaba ya karakana, madereva na wote waliofikishwa hospitali salama, Fundi Sikio, asante kwa kazi. Kaa na mkeo, lala mpaka jua lipande, na mwili wako uwe na afya miaka mingi ijayo. Ukija kunisalimia utaviona vyeti vyako vitatu ukutani pale sebuleni. Seremala ameshachukua kipimo cha fremu ya nne. Barua ya onyo nitaiweka katikati, juu kidogo ya vyeti.