Siku Jua Lilipopatwa na Chungu cha Baba Mdogo

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe jua likiwaka, asifiwe na likifichwa!

Mimi ni binti wa Old Moshi, na nilikuwa mtumwa wa woga. Baba yangu kabla hajafariki alinikabidhi kihamba, shamba letu la urithi, mbele ya ukoo: migomba, kahawa, ng'ombe mmoja, na mama nimtunze. Lakini baba mdogo akasema mwanamke harithi. "Alhamisi nikukute umehama. La sivyo, navunja chungu."

Mnajua maana yake. Kwetu mtu akipasua chungu huku akitaja jina lako, umelaaniwa wewe na uzao wako. Ndugu zangu, nilikuwa nimebatizwa, naimba kwaya, na bado nilifunga nguo zangu kwenye kitenge!

Alhamisi akaja na watu wa ukoo. Wiki nzima alikuwa akihangaika kutafuta chungu cha udongo, maana siku hizi kila nyumba ina sufuria. Ndiyo maana hakusikia redio ikitangaza kwamba siku hiyo jua litapatwa.

Akasimama uwanjani, akainua chungu, akaanza kuwaita mababu. Mwanga ukapungua kama koroboi inayoishiwa mafuta. Baridi ikashuka kutoka mlimani. Nikatazama chini ya mibuni: kila tone la mwanga lililopenya majani lilikuwa mwezi mwandamo. Miezi midogo isiyohesabika, juu ya miguu yangu, juu ya kanga ya mama! Woga ukanitoka palepale. Aliyefanya hayo hakuomba ruhusa ya ukoo wowote!

Kuku wakadhani jioni imefika. Wakakimbilia bandani, wakipita katikati ya miguu ya baba mdogo. Akaruka. Chungu kikamponyoka, kikapasuka.

"Yesu wangu!" mama akasema. "Na jina hajataja!"

Wazee husema chungu kikivunjika bila jina, kinamrudia aliyekishika. Watu wakajitupa chini. Mama akanivuta niingie ndani. Sikuingia!

"Haya, baba mdogo, litaje sasa! Nipo hapa!"

"Nyamaza, mwanangu," akajibu kutoka nyuma ya ng'ombe. "Usiniongezee."

Jua likarudi, ndugu zangu. Hakuna aliyelihonga.

Kesho yake alikuja na isale, jani ambalo kwetu ukiletewa, lazima usamehe. Kwa hofu alikuwa ameling'oa na mizizi yake.

"Mwanangu, niondolee hiki kitu."

"Shikamoo, baba mdogo. Nimekusamehe. Lakini hakuna cha kuondoa, chungu ni udongo tu. Na kihambani sitoki."

Isale lake nikalipanda mpakani. Limeshika, linachipua. Akipita hulitazama, nami humkaribisha chai.

Namshukuru Mungu wangu! Nawe uliyefunga nguo zako kwa sababu ya chungu cha mtu, kifungue hicho kitenge leo. Mtumaini aliyelirudisha jua. Kisha toka, simama uwanjani kwako, useme: litaje!