Mashine ya Kutobolea Haiendi Malili

Sogeeni, Kisilu na wewe Kasyoka, wanangu, na msinikatize, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema mara moja tu. Mmekuja wote wawili siku moja, jambo ambalo sijaliona tangu tumzike baba yenu Mwangangi, basi najua daktari amewaambia nini. Acheni kunidanganya eti nitapona. Mimi nilifundisha fizikia, sikufundisha ngano.

Baba yenu alipoondoka, niliacha chaki nikavaa ovaroli lake, nikaishika karakana yake, na soko zima la Nunguni likacheka: "Mwalimu, chuma hakiandikwi ubaoni!" Walicheka mpaka plau zao zikavunjika, wakaniletea nizitengeneze. Tangu hapo mwenzangu wa kuongea naye ni ile mashine ya kutobolea, ya kuzungusha kwa mkono. Haijibu, lakini pia haijawahi kuniambia itakuja Krismasi halafu isije.

Kisilu, nimeiona pikapu yako, na kamba ulizofungia mashine nimeziona. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake, kwa hivyo sikulaumu, lakini mnunuzi wako wa Malili angoje mpaka achoke. Hujui unachouza. Zile biti za kutobolea, za rangi ya dhahabu, ulizoniletea nilizishukuru kama mama, kisha nikajaribu moja kwenye springi ya lori: dhahabu ilikwisha kabla tundu halijaanza, ncha ikaungua ikawa buluu. Ulinunua kung'aa, mwanangu.

Kasyoka, uliporudi kutoka kwa mume, baba zako wadogo walikuambia msichana harithi hata kijiko. Sawa. Desturi ichukue udongo, impe Kisilu. Chuma nilikihangaikia mimi, na mashine nakupa wewe. Kila chuma kijaribu kwanza kwa tupa: tupa ikiteleza bila kuuma, hicho ni kigumu, wacha biti za kawaida, chagua ya kobalti, fupi, nene, yenye ncha iliyolala zaidi kuliko ya biti ya chuma laini. Tia mafuta, zungusha polepole, na ukandamize bila kusitasita, kwa sababu biti ikisugua tu bila kukata, chuma huzidi kuwa kigumu pale pale, kama mtu anayepitiwa kila mara kusalimiwa mlangoni na hakuna anayeketi.

Usinune, Kisilu. Zifungue hizo kamba mwenyewe, usimwachie dada yako.

Mnizike kando ya baba yenu, hotuba ziwe fupi, na asisimame mtu kusema nyumba yangu ilijaa watu. Leteni viganja niwatemee mate ya baraka… mdomo umekauka, Kasyoka, niloweshe kidogo… haya. Ngai awape mikono isiyotetemeka. Awape… mtu wa kula naye.

Sasa nendeni karakana. Kisilu, wewe shika chuma, dada yako azungushe. Mlango… uacheni wazi. Nataka kusikia kuna watu nyumbani.