Mzee Rurangwa na Nyimbo Zilizobaki Ndani

Mzee Rurangwa, ambaye leo tunamsindikiza, alizaliwa Bijombo, katika milima mirefu ya Kivu Kusini, tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa tatu wa Mzee Rutebuka na Mama Umurerwa. Alipewa ndama wa kuchunga, na ndama walimponyoka kila mara kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye redio ya mwalimu. Siku moja aliifungua, akashindwa kuifunga, akachapwa. Baada ya muda aliirudisha ikisema vizuri kuliko mwanzo, na hakuna aliyemwomba radhi.

Alisoma shule ya msingi Bijombo, akateremka Uvira, kisha Bukavu, alikopata diploma ya umeme mwaka 1974.

Mwaka uliofuata aliajiriwa na ofisi ya kanisa Uvira, kutunza jenereta. Mwaka 1985 mmisionari aliyekuwa akirudi kwao Amerika aliacha kompyuta ndogo ya nyumbani, zile za kuunganishwa na televisheni. Mashine ya kusomea diski ililetwa baadaye, ikachomekwa kwenye mlango wa ziada ulioko nyuma. Lakini mfumo endeshi wa kompyuta ulikuwa umetengenezwa kabla ya mashine hiyo, na haukujua kama kwenye mlango ule kuna kitu. Kila ilipowashwa, ilibidi mtu aiandikie upya maelekezo marefu ya tarakimu ndipo izione diski. Ikizimwa tu, inasahau yote. Aliyeyajua maelekezo hayo ni marehemu peke yake. Hakuyaandika mahali wala hakumfundisha mtu, na tusimpambe kwa kuwa amelala hapa: alifanya makusudi, ili ofisi isiweze kumfukuza.

Tarehe 5 Agosti 1978 alikuwa amefunga ndoa na Nyirangabo, mtunzi wa nyimbo za kwaya. Kompyuta ilipofika, mke akawa anaimba pembeni na mume anachapa, wakigombana juu ya kila ubeti. Mwaka 1996, familia ilipokimbilia Bujumbura, karatasi zote za nyimbo ziliteketea pamoja na nyumba. Zilibaki zile za kwenye diski tu. Wengine walibeba magodoro, marehemu alibeba kompyuta ndani ya blanketi, na Mama Nyirangabo alimcheka njia nzima.

Walipokelewa Buffalo mnamo Novemba 2008. Kompyuta ilichomekwa ukutani bila transfoma kwa mara ya kwanza, maana ilitengenezewa umeme wa huku, ikawa ndicho kitu pekee chetu kilichofika Amerika kikajiona kiko nyumbani. Marehemu hakujiona hivyo. Alitoka kiwandani giza, akaingia kiwandani giza, na alisema amefungiwa ndani ya friji na mwenye ufunguo ameenda likizo. Mwaka 2012 walihamia Columbus, kwenye kazi ya ghala. Mama alimwomba amtolee nyimbo zake kwenye diski kabla hajazeeka. Akajibu Jumapili. Jumapili ikifika, ghala linamwita, au mgongo unakataa. Mama Nyirangabo alifariki Columbus tarehe 19 Mei 2015, na nyimbo zilikuwa bado ndani. Baba aliifunika kompyuta kwa kitenge cha mkewe. Alihamia Louisville, mtaa wa Iroquois, kwa binti yake Umwali, na kwa miaka mingi hakukubali mtu aiguse.

Oktoba 2022 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa. Hapo hofu ikahamia kwa Umwali: baba akienda, nyimbo za mama zimekwenda naye. Alimbembeleza amtajie maelekezo yale. Baba alitazama mkono wake akasema, “Iko mu vidole, mtoto yangu, haiko mu kichwa. Na vidole, bon, viko mu gereza.”

Ndipo walipoanza kuufundisha mkono wa kushoto. Ilichukua zaidi ya mwaka. Anaandika, kompyuta inakataa, anatukana kwa Kifaransa, anaomba msamaha kwa Mungu, anaanza tena. Mchana wa Ijumaa, tarehe 24 Januari 2025, mashine ya diski ilinguruma na maneno ya Nyirangabo yakatokea kwenye televisheni. Umwali alitaka kuzinakili nyimbo zote papo hapo. Baba akakataa kata kata: wimbo ukifunguliwa, unaimbwa wote kwanza, ndipo ufuate mwingine, kwa sababu mwenye nyimbo asingependa zisomwe kama bili. Waliimba, wakalia, wakaimba tena. Jioni ilifika wakiwa wamenakili mbili. Waliiacha inawaka ili waendelee kesho.

Asubuhi Baba alizimia, gari la wagonjwa likamchukua. Akina mama wa kanisa walikuja kukaa na familia. Kwetu, nyumba yenye huzuni haiachwi na televisheni inawaka, kwa hiyo mmoja wao, Mama Mukandoli, alifanya kama sisi sote tungefanya: alizima kila kitu ukutani. Umwali aliporudi alikuta kioo cheusi, na maelekezo yale hakuna aliyekuwa ameyanakili.

Alimwambia Baba hospitalini, maana hakuweza kumficha. Baba akasema, “Mukandoli alifanya ile kwa heshima. Mutu asimusemeshe mubaya. Yeye ndiye ataanzisha wimbo kwa maziko yangu.” Siku zilizofuata mkono wake wa kushoto haukutulia, ulikuwa ukichapa juu ya shuka. Umwali aliurekodi kwa simu, lakini shuka halina vitufe, na hakuna anayeweza kujua kidole kilikuwa kinagusa nini. Alifariki Jumapili, tarehe 2 Februari 2025.

Ameacha watoto wanne: Kalisa wa Buffalo, Rwema na Gakwaya wa Columbus, na Umwali wa hapa Louisville, wajukuu wengi, na dada yake aliyeko Bujumbura.

Mama Mukandoli sasa atatuanzishia wimbo wa kwanza kati ya zile mbili zilizonakiliwa, na kwaya itafuata na wa pili. Nyingine zote zimo ndani ya diski, nyumbani, zinamngoja mtu tunayemzika leo.

Mungu akupe raha yako, Baba.